Hema la watu wanne halilazi watu wanne

Shule zinakaribia kufungwa, na barua nyingi mlizotuletea safari hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: familia inataka kwenda kulala porini au ufukweni, hema gani inunue na ilitumieje. Tumechagua saba. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu na maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Shikamooni. Tuko watano: mimi, mume wangu na watoto wa miaka 12, 8 na 4. Tunakwenda Mikumi mwezi wa saba. Dukani nimeonyeshwa hema lililoandikwa "watu 5" na muuzaji anasema linatutosha. Mume wangu anataka lenye vyumba viwili. Tuchukue lipi?
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Marahaba, mama. Hilo la watu 5 liache dukani. Namba ya kwenye boksi huhesabu watu waliolala bega kwa bega, kila mmoja akikatiwa upana wa sentimita 55 hadi 60, bila begi, bila viatu, na bila mtoto wa miaka minne anayezunguka usiku kucha kama mshale wa saa. Hema la watu 4 mara nyingi huwa na sakafu ya sentimita 210 kwa 240. Ingiza humo godoro la nyumbani la futi 5 kwa 6: utabakiwa na ukanda wa sentimita 58 ubavuni. Hapo atalala mtu mmoja aliyejikunja, na mabegi yatalala nje.

Kwa hiyo piga hesabu ya magodoro, si ya vichwa. Ninyi watano mtalala vizuri kwenye magodoro mawili ya futi 4 kwa 6 yaliyosogezwa pamoja. Upana wake ni sentimita 244, urefu 183. Upande wa vichwani na miguuni acha angalau sentimita 25 kila upande, maana kuta za hema huinamia ndani na atakayeziegemea ataamka ameloa. Mabegi yape ukanda wa sentimita 50 hadi 60. Jumla inakuja karibu sentimita 300 kwa 240, na sakafu ya ukubwa huo kwa kawaida huuzwa kama hema la watu 6, wakati mwingine 8. Wengi hufupisha hesabu hii kwa kusema "hesabu watu, ongeza wawili". Si kanuni mbaya, lakini vipimo vya sakafu ndivyo visivyodanganya. Viko ubavuni mwa boksi au kwenye lebo iliyoshonwa mfukoni. Kabla ya kulipa, chora mstatili huo kwa chaki sebuleni, tandika magodoro yenu, na muwaambie watoto walale. Kazi ya dakika kumi, na mtaona wenyewe mahali panapobana.

Kuhusu vyumba viwili, baba hajakosea sana. Pazia la ndani ni zuri ikiwa linafunguka na kutolewa, maana likibaki pale daima huzuia hewa kupita. Ila wa miaka minne atalala nanyi vyovyote iwavyo, na Mikumi kambi hazina uzio, hivyo hata huyo wa miaka 12 asipewe kihema chake pembeni. Hema moja, mlango mmoja mbele na mwingine nyuma, ili anayetoka asikanyage waliolala. Kimo cha katikati kiwe sentimita 170 hadi 190, mtu mzima aweze kumvalisha mtoto bila kupiga magoti. Kikizidi mita 2, hema linakuwa tanga: upepo unalipiga ubavu wote.

Sasa umbo. Yako matatu mtakayoyaona madukani. La kuba husimama kwa fito mbili au tatu zinazopishana juu. Likishasimama linajitegemea, mnaweza kulinyanyua na kulisogeza, hata kulikung'uta vumbi mlangoni. Kwa familia inayoanza ndilo tunalolipendekeza. La bomba, lenye fito zilizopinda sambamba kama paa la lori, lina nafasi kubwa zaidi kwa uzito uleule, lakini bila vigingi halisimami, na likifika mita 6 mtahangaika kupata ardhi tambarare ya kulitosha. La kufyatua, linalojifungua lenyewe ukilirusha, huwavutia watu dukani. Lakini kasoro yake hujitokeza wakati wa kulikunja: linakuwa duara pana lisiloingia kwenye buti, na ufito wake ukivunjika hauna mahali pa kuunganishia.

Jambo la mwisho, na ndilo muuzaji asilolitaja: shika paa la mvua, yaani kile kitambaa cha nje, uone linashuka hadi wapi. Mahema mengi ya bei rahisi yana paa linaloishia katikati ya ukuta kama kofia. Chagua linaloshuka hadi karibu na ardhi pande zote, lenye baraza mbele ya mlango, walau sentimita 80 kwenda nje. Baraza ndipo viatu vyenye matope vinapobaki, na ndipo mtakapokaa mvua ikiwakuta mchana.

Hema letu lina lebo ya milimita 3,000. Pasaka tulilala milimani Usambara, mvua ikapiga usiku, asubuhi magodoro yameloa pembeni. Safari ya pili haikunyesha hata tone, lakini tuliamka maji yananing'inia darini. Nimeuziwa bovu?
*Baba wa mapacha, Arusha*

Hapana, ndugu yetu, inaelekea hukuuziwa bovu. Ulichokiona ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na usiku usio na mvua. Kila aliyelala hutoa maji kwa pumzi na jasho, karibu glasi moja hadi alfajiri. Watu wanne ni kama lita moja ya mvuke iliyofungiwa chumbani. Milimani paa la mvua hupoa haraka, mvuke ukiligusa hugeuka matone, vilevile chupa ya soda inavyotoka jasho ukiitoa kwenye friji. Hema halivuji, linatoa jasho, na kosa ni kulifunga kila kona ili "tupate joto". Fungua matundu ya hewa ya juu na ya chini, yote mawili, kwa sababu hewa haitoki juu kama haina pa kuingilia chini. Zipu ya mlango wa nje iache robo wazi upande usio na upepo, wavu wa mbu ukiwa umefungwa. Nguo mbichi ziende garini. Halafu hakikisha paa la mvua haligusani na hema la ndani mahali popote; nafasi ya kiganja kimoja, sentimita 10 hivi, ndiyo inayofanya matone yateremke nje badala ya kuwadondokea. Likilegea usiku, kaza kamba tena kabla ya kulala, hasa kama kitambaa ni nailoni, maana nailoni ikilowa hunyooka. Polyesta hainyooki hivyo, na jua letu hailiogopi kama nailoni inavyoliogopa.

Sasa maji ya pembeni. Mtuhumiwa wa kwanza ni turubai mlilotandika chini. Kama lilichomoza nje ya hema hata kwa upana wa kiganja, lilikinga mvua yote iliyoteremka ukutani na kuipeleka chini ya magodoro yenu. Likunje liwe dogo kuliko sakafu kwa sentimita 5 hadi 10 kila upande, na mikunjo ielekee chini. Wa pili ni godoro lenyewe: likisukuma ukuta wa ndani hadi ukagusa paa la mvua, maji hupita. Wa tatu ni mishono ya pembe za sakafu.

Mishono mnaweza kuipima nyumbani. Simamisha hema uani, mtu mmoja aingie na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira kwa dakika 20, akianza chini na kupanda juu taratibu, ukuta baada ya ukuta. Akianzia juu, hamtajua maji yameingilia wapi. Kila panapotoka tone, aliye ndani atie alama ya chaki. Hema likikauka kabisa, angalia mshono kwa ndani: kuna utepe mwembamba unaong'aa uliobandikwa juu yake, na mara nyingi mtaukuta umebanduka palepale penye alama. Ng'oa uliolegea, safisha kwa kitambaa chenye spiriti, paka gundi ya mishono, acha saa 24. Gundi ilingane na kitambaa. Mahema mengi ya familia yamepakwa poliyurethani, na gundi ya silikoni ya madirishani haishiki juu yake. Itabanduka kama ngozi ya vitunguu safari inayofuata.

Na hiyo 3,000 ina maana gani? Kitambaa hubanwa chini ya bomba la maji, maji yakaongezwa hadi matone yapenye. Milimita 3,000 maana yake kilistahimili kimo cha maji cha mita 3. Kwa paa hiyo inatosha sana. Hata 1,500 huzuia mvua ya kawaida likiwa bado jipya. Sakafu ni habari nyingine. Goti la mtu mzima likikandamiza sakafu juu ya ardhi iliyolowa, shinikizo lake ni kubwa kuliko la mvua yoyote. Sakafu iwe 5,000 au zaidi, na lebo nzuri hutaja namba mbili, ya paa na ya sakafu. Ikitaja moja tu, muulize muuzaji ni ya wapi.

Mkirudi nyumbani kwenye masika, msiliweke hema kabatini likiwa bichi hata siku mbili. Liangikeni sebuleni kama hakuna jua. Kuvu huanza mapema, na ule upako wa ndani huoza kwa unyevu na joto: kitambaa kinanata mkononi, kinatoa harufu kama ya matapishi, kisha upako unatoka vipande vipande. Likifika hapo hakuna gundi ya kuliokoa.

Hujambo mhariri. Mwezi wa nane tunavuka Namanga kwenda Ngorongoro na watoto wawili wadogo, na kambi iko juu kwenye ukingo. Nimeambiwa baridi ni kali. Je, tunaweza kuingiza jiko dogo la makaa kwa hema, tufungue zipu kidogo, mpaka watoto walale ndipo tulitoe?
*Mama, Nairobi*

Hapana, mama. Tafadhali usifanye hivyo. Si kwa dakika kumi, si na zipu wazi, si kwa makaa yaliyokwisha kuwa majivu.

Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haimkohoshi mtu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hubaki haina nafasi ya kubeba hewa ya uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito. Usingizi ndio uliokuwa unautafutia watoto, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Mzazi naye hulegea palepale, na ile nia ya kulitoa jiko baadaye haitimii. Tundu la zipu haliokoi, na kitambaa kilicholowa umande kinazidi kuziba. Majiko ya gesi, taa za mafuta na jenereta iliyowekwa karibu na mlango ni hatari hiyohiyo. Mkimkuta mtu hemani penye jiko hajitambui au analalamika kichwa, mtoeni nje kwanza kwenye hewa safi, kisha hospitali, hata kama ameanza kuongea.

Baridi yenyewe ni ya kweli. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ukingo wa Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi. Usiku ambao Dar es Salaam ina nyuzi 20, pale juu tarajia 5. Lakini joto la mtoto hupotea zaidi kupitia ardhi kuliko kupitia hewa, na hapo ndipo mama unapoweza kufanya kitu.

Godoro la hewa liache nyumbani, au liwekee godoro jembamba la sponji juu. Hewa iliyomo inazunguka na kupeleka joto la aliyelala kwenye ardhi baridi. Sponji ya inchi 3 au 4 inafaa zaidi. Chini yake tandika mkeka na blanketi zito. Blanketi moja chini lina faida kuliko mawili juu. Watoto wale chakula cha moto, wakojoe, kisha wabadilishe nguo zote, maana hata soksi iliyoshika jasho la mchana huvuta joto. Kofia kichwani. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu ya kifuniko cha kukaza, ivishe soksi nene, iweke miguuni mwao nusu saa kabla hawajaingia. Kama hema lenu lina vyumba, laleni wote katika kimoja. Na matundu ya hewa yabaki wazi. Hewa kavu yenye baridi haimwangushi mtu kama blanketi lililoloa.

Tukilala ufukweni vigingi vinang'oka usiku na hema linatuangukia. Tumebadilisha vigingi mara mbili. Tufanyeje?
*Mwenye familia ya watu sita, Tanga*

Mzee wetu, tatizo si kigingi, ni mchanga. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema vimetengenezwa kwa ajili ya udongo wenye majani. Mchangani msipigilie, zikeni. Chukueni viroba vya unga vya kilo 5, jazeni mchanga, fungeni midomo. Kila kamba kuu ifungwe kwenye kiroba kimoja, kifukiwe sentimita 40 na mchanga wa juu ukanyagwe na kumwagiwa maji. Kwa hema la watu sita andaeni vinane hadi kumi. Asubuhi mnamwaga mchanga na kukunja viroba mfukoni.

Kamba ishuke kwa mwinamo wa kati, si wima wala si kulala. Penye udongo ambako bado mnapigilia, kichwa cha kigingi kielekee nje, mbali na hema. Ubavu mwembamba wa hema uukabili upepo. Wakati wa kusi utatoka kusini na kusini mashariki, kaskazi utatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo mlango utakaofaa Januari hautafaa Julai.

Tafuteni mstari wa mwani mkavu uliokokotwa na maji, mpige hema juu yake kwa nafasi ya kutosha, na muangalie mwezi: siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, na maji yatapita alama ya juzi. Msilale chini ya mnazi wenye nazi wala makuti makavu, hata kama kivuli chake ni kitamu. Mkirudi, osheni zipu na ncha za fito kwa maji baridi yasiyo na sabuni. Chumvi ikikaukia kwenye meno ya zipu huifanya ikwame msimu ujao, na anayeilazimisha ndiye anayeivunja.

Kwa wasomaji wa bara wenye ardhi ngumu ya changarawe: nondo ya milimita 8, vipande vya sentimita 30, ncha moja ichongwe na nyingine ipindwe kama ndoano. Fundi wa kuchomelea atawatengenezea vingi kwa muda mfupi, na mtarithisha wajukuu. Funga kitambaa chekundu kwenye kila kichwa, la sivyo mtoto atajikwaa gizani.

Tunakwenda Seronera. Watoto wanauliza simba wakija itakuwaje, na mimi sina jibu.
*Baba, Mwanza*

Waambie ukweli: wanyama watapita, na hema lililofungwa huwa wanalichukulia kama kichuguu au kichaka, kitu cha kuzungukwa. Kinachowavuta kuingia ni harufu ya chakula na mlango ulioachwa wazi. Basi chakula chote kiende garini, pamoja na dawa za meno, pipi za mifukoni na matunda. Matunda hasa, tembo na nyani huyafuata kwa bidii. Viatu viingie ndani, kwa kuwa fisi hubeba vya ngozi, na vilivyobaki nje hupata nge.

Usiku hakuna anayetoka nje. Ndoo yenye kifuniko ikae barazani kwa ajili ya watoto, baraza likiwa limefungwa. Kabla ya kusimamisha hema, kagua ardhi kwa macho: njia iliyokanyagwa kuelekea majini ni ya viboko au tembo, na mstari wa siafu leo utakuwa mto wa siafu kesho mvua ikinyesha. Fagia miiba ya migunga kwa tawi. Mwiba mmoja ukitoboa sakafu, godoro zima litanyonya maji.

Rangi nayo ina kazi yake huko. Mbung'o huvutwa na buluu iliyoiva na nyeusi, ndiyo maana mitego yao ya vitambaa hushonwa kwa rangi hizo mbili. Hema la kaki, kijivu au kijani hafifu litawapa nafuu mchana. Kwa mbu, kagua wavu kwa kuuelekezea juani nyumbani, na pale zipu mbili zinapokutana chini ziba kwa kitambaa. Tundu la ukubwa wa kidole linatosha kuwaletea malaria nyumbani.

Kuna hema la turubai zito la pamba kwenye mtumba, bei nzuri. Nichukue ama ninunue jipya la polyesta?
*Msomaji, Nakuru*

Inategemea gari lako. Turubai la pamba la ukubwa wa familia lina uzito wa kilo 25 hadi 40 na zaidi, na likilowa linaongezeka. Lakini linapumua, halitoi jasho, lina kivuli cha kweli saa saba mchana, na jua litachukua miaka mingi kulimaliza. Kwa anayekwenda kukaa wiki nzima mahali pamoja na ana pikapu, ni zuri mno. Kwa anayehama kambi kila siku ni adhabu.

Kabla ya kulipa, lifunguliwe lote. Nusa: harufu ya kuvu haitoki. Madoa meusi ya nukta nukta ni kuvu iliyokwisha kula uzi. Shika kitambaa cha paa kwa mikono miwili, vuta kwa nguvu sehemu iliyopauka; kikitoa mlio wa kuchanika, jua lilishamaliza kazi. Jaribio hilohilo linafaa kwa polyesta ya mtumba, na huko ongeza la kupapasa upako wa ndani kama unanata. Hesabu fito zote na uziunganishe, maana ukikosa ufito mmoja wa kipimo maalumu hema zima ni nguo tu. Zipu ziende na kurudi mara tano. Kitelezi kilicholegea huacha meno wazi nyuma yake. Ukikibana kidogo kwa koleo pande zote mbili, mara nyingi kinapona.

Ukilichukua la pamba, lisimamishe uani, limwagie maji mpaka lilowe kabisa, liache likauke, urudie mara mbili au tatu. Uzi wa pamba huvimba na kuziba matundu ya sindano. Usilifue kwa sabuni ya unga, itaondoa dawa ya kuzuia maji. Wala usiliache limelala chini siku nyingi bila kulinyanyua: mchwa hula pamba.

Ufito wa hema la kikosi chetu cha skauti umepasuka. Tununue hema jingine?
*Kiongozi wa vijana, Dodoma*

Hapana, kijana wetu. Ufito wa fibaglasi hupasuka kwa urefu karibu na kiungo, kwa kawaida kwa sababu aliyeusukuma hakuhakikisha ncha imeingia hadi mwisho kwenye bomba la chuma. Vaeni glovu, vijiti vyake huingia mkononi kama sindano. Kata kipande kirefu kidogo kuliko ufa cha bomba la alumini ambalo ufito unaingia bila kucheza, sentimita 12 hadi 15, livishe juu ya ufa, zungushia utepe wa umeme ncha zote mbili. Hilo litawapeleka siku kadhaa.

Kwa dawa ya kudumu, nunueni kipande cha fibaglasi cha unene uleule. Pimeni kwa kalipa, kwa sababu milimita 8.5, 9.5 na 11 hufanana machoni, lakini ya 9.5 haiingii kwenye bomba la 8.5. Fungua fundo la mpira unaopita ndani ya ufito, upande wa ncha iliyo karibu na ufa, chomoa vipande kwa mpangilio na uvilaze chini vilivyo, badilisha kilichopasuka, pitisha mpira tena kwa waya mwembamba. Mpira ukatwe mfupi kuliko ufito ulionyooshwa, kwa takriban robo, ili uvute vipande pamoja. Na vijana wafundishwe kuusukuma ufito kwenye mfuko wake wa kitambaa, wasiuvute. Ukivutwa viungo huachana ndani ya mfuko, na hapo ndipo anayelazimisha huuvunja tena.